Mate Yaliyokwisha Kuingia

Kwetu Oldonyo Sambu mzee hambariki mtu kwa maneno makavu. Anasema maneno yake, na katikati ya maneno anakutemea mate kidogo, kama umande, kichwani au kifuani au kwenye viganja. Mtu wa mbali akiona anadhani umetukanwa. Hujatukanwa. Mate ni maji yanayotoka ndani ya mtu, yamelala pamoja na pumzi yake, na mzee akikupa hayo amekupa kitu ambacho hawezi kukirudisha kinywani. Naanza na hili kwa sababu asiyelijua hataelewa jinsi kitambaa cha mfukoni kilivyoweza kuivunja nyumba yangu.

Mimi nilibatizwa nikiwa mtoto, katika kanisa letu la Kilutheri. Shule niliacha darasa la pili, kusoma nilikupata kwa kushika kitabu cha nyimbo kila Jumapili. Mume wangu hakuwa amebatizwa. Alipokuja kunioa, wazazi wangu walimtaka abatizwe, akawaambia, "Tutaona." Akaona miaka mingi. Mimi nilishuka kanisani na watoto, yeye akabaki na ng'ombe. Nikimwambia habari za Mungu alinyoosha fimbo kuelekea Meru, kilele kikiwa wazi kwenye baridi ya asubuhi, akasema, "Wako ana mabenchi. Wangu ana mlima." Basi. Nilikwenda zangu.

Mtoto wetu wa kwanza wa kiume alishuka mjini miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza tena kuwa na sukari na sabuni, na marobota ya mitumba yakafunguliwa chini barabarani, kila kijana akajiona mfanyabiashara. Alipanga chumba Elerai akauza viatu vya mitumba. Kwanza alivitembeza mkononi, baadaye akapata meza sokoni. Halafu akapata gongo. Nilimfuata siku moja nikamkuta amelala kwenye mtaro, viatu vyote vimeibwa, hata vile alivyovaa. Nilimwamsha kwa fimbo. Sikulia. Kulia ni kwa mtu anayekuangalia.

Basi wakaja wahubiri wa mkutano wa wazi, na jenereta lao na vipaza sauti, wakasimama uwanjani siku kadhaa. Mwanangu alikwenda kuwacheka. Hakurudi akicheka. Aliacha gongo siku ile ile, kama mtu anavyovua shati lenye jasho. Niliposikia sikuamini. Nikashuka hadi Elerai, nikakaa kitandani kwake, nikamnusa kichwa na nguo kama ng'ombe anavyomnusa ndama wake. Hakunuka kitu ila sabuni. Niliogopa. Nawaambia kweli, niliogopa, maana nilikuwa nimemwomba Mungu jambo lile muda mrefu kiasi kwamba nilikwisha kuzoea kutolipata.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mwanangu hakuokoka. Aliokoka. Ila alikuwa na wokovu mpya, na kitu kipya mtu hukishika kwa mikono miwili, hana mkono wa kushikia kingine.

Baada ya muda akaja nyumbani, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Baba yake alikuwa amesimama kwenye lango la boma, ng'ombe wakiingia. Mzee alifurahi. Hakuwa mtu wa kuonyesha, lakini nilimwona akihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Akamwita, "Njoo." Kijana akainamisha kichwa kama ilivyo desturi. Mzee akamshika utosini, akasema maneno, akamtemea mate ya baraka.

Mwanangu akanyoosha mgongo. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akajifuta kichwa, akajifuta paji la uso, akakikunja kitambaa vizuri.

"Baba, nisamehe," akasema. "Mimi sasa ni mtu mpya. Mambo haya ni ya mizimu."

Ng'ombe waliendelea kuingia. Mzee aliwaacha wapite mpaka wa mwisho, akafunga lango. Ndipo akasema, sauti yake haikupanda, "Umeniosha. Umeniosha mbele ya ng'ombe wangu."

"Baba, sikukusudia—"

"Mwambieni huyu laiyoni asinisalimie tena. Kinywa changu kimefungwa."

Laiyoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Kumwita hivyo mtu mwenye ndevu ni kumfuta kabisa. Mwanangu aliondoka bila kunywa hata chai.

Kwetu baba akifa amekifunga kinywa juu ya mtoto wake, hakuna mwingine wa kukifungua. Si mjomba, si mchungaji, si serikali. Mtoto huyo hatatupa udongo kaburini. Atatembea duniani kama mtu asiye na mlango wa nyuma. Mimi Mkristo niliambiwa nisiogope mambo hayo, na mengine siyaogopi. Hili niliogopa. Na msimu ule wa baridi mzee akaanza kukohoa, kikohozi cha chini, cha kifuani, kisichotoka hata kwa mafuta ya kondoo. Kila alipokohoa nilihesabu jambo moja tu: kinywa bado kimefungwa.

Nilisema naye. Akaniambia, "Sina mtoto wa mjini." Nikasema na mwanangu. Akaniambia, "Yeyo, nampenda baba, namwombea kila siku. Ila siwezi kurudi nilikotolewa." Yeyo ni mama. Wote wawili walikuwa na adabu. Watu wenye adabu wakikosana ni taabu kuliko wagomvi, maana hakuna tusi la kushika ukalikanusha.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu alivyofanya, maana mimi sikufanya kitu.

Mchungaji wetu alikuwa kijana kutoka Kilimanjaro, hajui Kimaa, lugha yetu. Jumapili alihubiri kwa Kiswahili, na mwinjilisti akatafsiri kwa ajili ya wazee. Mwinjilisti mwenyewe alikuwa Mmeru, Kimaa alikipata ukubwani, kwa hiyo siku za katikati ya juma alizoea kufanya mazoezi ya somo kwa sauti popote alipo. Alasiri moja ya masika mvua ilimkuta njiani na baiskeli yake. Akaingiza baiskeli ukumbini kwetu, akaamkia, "Shikamoo mzee," nikampa chai, akakaa karibu na mlango akaanza kusoma polepole na kujitafsiria. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale akichonga fimbo. Mwinjilisti hakuwa akimhubiria. Alikwisha kukata tamaa naye zamani. Alikuwa akijisomea tu.

Tulisema Kimaa. Nayaandika kwa Kiswahili.

"Mzee," mwinjilisti akasema, "tope lile la kukanda kwa vidole mnaliitaje?"

"Tope la nini? La kukandika nyumba?"

"La kupaka mtu machoni."

Mume wangu akasimamisha kisu. "Nani anampaka mwenzake tope machoni?"

"Yesu."

"Huyo mtu alimkosea nini?"

Nikacheka, nikazuia. Mwinjilisti hakucheka, alikuwa akitafuta neno. "Hakumkosea, mzee. Alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Yesu alitema mate chini, akakanda tope kwa yale mate, akampaka nalo."

Mvua ilipiga mabati. Mume wangu akaweka fimbo chini.

"Rudia."

Akarudia.

"Mate yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe."

"Ya kinywani?"

"Mzee, kwani mate mengine yanatoka wapi?"

Mume wangu akanigeukia mimi. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyekuta ng'ombe wake aliyepotea yumo kwenye zizi la jirani. "Wewe. Tangu nikuoe unashuka kule kila Jumapili. Hujaniambia kwamba anatema mate."

"Hujaniuliza," nikamjibu.

Lakini moyo ulinishtuka. Somo lile nilikuwa nalijua kama ninavyoijua njia ya mtoni, na nani anaangalia njia ya mtoni? Nilikuwa nimepita juu ya mate yale maisha yangu yote.

"Haya," mume wangu akamwambia mwinjilisti, "akaona?"

"Bado. Aliambiwa kwanza aende bwawani akanawe."

"Akanawe nini?"

"Lile tope. Usoni."

"Ayaoshe yale mate?"

"Ndiyo, mzee."

"Akaenda akayaosha?"

"Akaenda akanawa."

Mume wangu akauliza polepole sana, kama mtu anayekanyaga daraja la mti mmoja. "Na yule aliyetema, hakukasirika?"

"Akasirike vipi? Ndiye aliyemtuma."

"Na huyu alipokwisha kuyaosha?"

"Akaona."

Mume wangu alisimama akatoka nje. Hakuchukua blanketi. Mvua ilikuwa ile ya masika inayoshuka kutoka mlimani kama imetumwa, naye alikwenda akasimama katikati ya ng'ombe, kifua kile kibovu kikilowa. Nikamfuata hadi mlangoni nikapiga kelele, "Mzee, ingia! Utakufa!"

"Niache, mama."

"Nikuache ufe?"

Akanigeukia. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, siwezi kuwaambia yote yalikuwa ya mvua. "Yalikwisha kuingia," akasema.

"Nini kimeingia?"

"Mate. Siku ile. Yalikwisha kuingia kabla hajafuta."

Nilishika mwimo wa mlango. Nikahisi kama mtu amepita nyuma yangu, na nyuma yangu alikuwa mwinjilisti tu, kikombe mkononi, hajui kilichotokea. Nimesikia mahubiri mengi. Nimesikia maaskofu. Sijafundishwa jambo na mtu yeyote kama nilivyofundishwa na mzee asiyebatizwa aliyesimama kwenye samadi.

Nilidhani kesho yake atamwita mwanawe. Hakumwita. Alisema kwanza anataka kumjua vizuri yule aliyetema mate, kisha ndipo aseme na mtu. Akaanza kushuka kanisani kwa mafundisho ya ubatizo, akakaa benchi moja na vitoto vya kipaimara, magoti yake yamefika kifuani. Watoto walimcheka, akawaambia, "Chekeni. Nyie mmezaliwa ndani, mimi natafuta mlango." Maswali yake yalimtoa mchungaji jasho. Siku moja alimwuliza, "Nikibatizwa, mate yangu yatabaki yangu?"

Mchungaji akatazama meza. Angeweza kujibu haraka, wengi wangejibu haraka. Akasema, "Mzee, nipe hadi wiki ijayo." Na wiki iliyofuata, kabla hata ya sala, akamwambia, "Yatabaki yako. Ila wewe mwenyewe utakuwa wake."

"Hapo sawa," mume wangu akasema. Akaandikishwa.

Mimi sasa nikaona wakati umefika. Nikashuka Elerai na kibuyu cha maziwa. Mwanangu alikuwa akipaka rangi viatu vya kuuza. Nikamwambia baba yako anabatizwa Jumapili. Akatabasamu kama watu wa kanisa lake wanavyotabasamu wakisikia habari zetu.

"Kwa maji yale ya kiganja? Yeyo, hayo hayalowanishi hata kifaranga. Sisi tunazamisha mtu mzima mzima."

"Na wewe uliyezamishwa mzima mzima," nikamwambia, "mbona hujui kumsalimia baba yako?"

Akainama kwenye kiatu. Nikamweleza basi, habari ya mvua, na tope, na kipofu aliyenawa, na maneno ya baba yake katikati ya ng'ombe. Alipaka kiatu kile kile. Kilikuwa kimekwisha kung'aa, akaendelea kupaka.

"Alisema yameingia?"

"Ndivyo alivyosema."

"Lakini nilifuta, Yeyo."

"Ulifuta. Sote tuliona."

Mteja alikuja, mwanangu akamwambia rudi baadaye. Kisha akasema, "Siku ile, kutoka nyumbani mpaka Ngaramtoni, paliniwaka hapa." Akajigusa paji la uso. "Nilikemea. Nikasema ni pepo."

"Na sasa unasemaje?"

"Sijui."

Ni jibu la kwanza la kweli alilonipa tangu avae koti. Sikumwomba aje. Mtu ukimbeba hadi mlangoni, utambeba na kurudi.

Jumapili ile mlima haukuonekana. Wingu lilikuwa limekaa hadi mashambani. Mume wangu alivaa shuka jipya na koti juu yake, akatangulia njiani kama kawaida, na mimi nyuma na kibuyu cha maziwa ya kupeleka kwenye mnada, maana kanisani kwetu asiye na fedha huleta maziwa au ndizi au kuku, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Nilitazama mabenchi yote. Mwanangu hakuwepo.

Mchungaji alimwita mume wangu mbele. Akamwuliza yale maswali, naye akajibu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe bondeni, mpaka watoto wakashtuka. Kisha akainamisha kichwa. Mimi nimemwona mtu yule akipambana na chui. Nimemwona akizika ndugu zake. Sijawahi kumwona akilishika shuka lake kwa mikono miwili namna ile. Maji yalipomwagwa utosini yalifuata mikunjo ya uso, moja baada ya nyingine, kama yanavyofuata mifereji shambani, na yeye akaacha yashuke yanakotaka. Mara tatu. Niliangalia chini kwa sababu nilishindwa kuangalia juu. Mtu ninayempikia uji, ninayejua anakoroma vipi, alikuwa akifanyiwa kitu mbele ya macho yangu na mkono usioonekana, na mimi nilikuwa nimevaa viatu mahali patakatifu.

Tulipotoka nje mwanangu alikuwa amesimama kwenye uzio wa michongoma. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi, lakini koti lilikuwa limelowa kwa ukungu mabegani. Watu waliokuwa wakipanga ndizi za mnada wakaacha. Wote walijua habari yetu, Oldonyo Sambu haifichi kitu. Akaja moja kwa moja mbele ya baba yake, akainamisha kichwa.

"Baba. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Nilichokifuta."

Mzee alikitazama kichwa kile muda mrefu. "Hukukifuta," akasema. "Kilikwisha kuingia. Kisingeingia, ungekujaje hapa?"

Kijana hakuinuka. "Basi niongezee."

Bibi mmoja akacheka, "Ana tamaa huyo!" na wengine wakacheka naye. Mume wangu akaweka mkono kwenye utosi wa mwanawe. Akakusanya mate kinywani. Akakusanya tena. Hakikutoka kitu.

"Kimekauka," akasema, ameshangaa mwenyewe. "Nimeogopa mno mle ndani. Yamekwisha yote."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwanangu akainua kichwa, akaona uso wa baba yake bado una maji ya ubatizo, na midomo imepauka. Akageuka akachukua kibuyu mkononi mwangu, akafungua, akakishika kwa mikono miwili akamwekea baba yake kinywani, taratibu, kama anayemnywesha mtoto. Mzee akajaza kinywa. Kijana akainama tena. Na mzee akapuliza maziwa yale juu yake, yakamrukia kichwani, shingoni, kwenye koti la pasi, na mengine yakanifikia mimi.

Akaanza kubariki kwa Kimaa, kama wazee wanavyobariki, neno moja kisha kituo, ili watu waitikie "Naai," yaani Mungu na afanye. Alisema, "Mungu akuongoze." Kituo. Kimya. Sisi watu wa kanisa tulifundishwa tangu utotoni kwamba uwanjani pa kanisa ni amina tu, ile Naai tuliiacha kwenye maboma. Mzee akangoja. Hakurudia, akangoja tu, mkono juu ya mwanawe.

"Naai," akasema mwinjilisti.

"Aliyetema mate chini akufungue macho."

"Naai," wakasema mabibi wawili watatu.

"Usilale tena mtaroni."

"Naai!"

"Viatu vyako vipate miguu."

Hapo hata mchungaji, Mchaga wa watu, kola imemkaa shingoni, asiyejua neno maana yake, akaitikia, "Naai," na akaitikia kama aliyeijua siku zote. Mwanangu alikuwa akilia wazi, maziwa na machozi hayajulikani yapi ni yapi. Na mimi, mwenye ubatizo wa tangu utotoni, ambaye neno lile sikulisema tangu mwalimu wa mafundisho alipotukataza tukiwa wasichana, nililisikia likitoka tumboni kwangu kabla sijalipa ruhusa.

Mzee hakuwa na haraka. Kikohozi kikamkatisha, akakingoja kipite. Kisha akavuta pumzi, akaanza upya na wajukuu ambao walikuwa hawajazaliwa, mmoja mmoja, bila majina, na sisi tukaitikia.